Sura ya Tisa: Maji ya Betri

Daktari Jepkemboi alipiga simu saa tatu na dakika kumi asubuhi ya Jumatano, Inspekta Nerima akiwa bado hajamaliza chai yake katika ofisi ya upelelezi, Naivasha.

"Nerima, huyo mzee wako hakuuawa na jiko."

"Unasema?"

"Mtu akifa kwa moshi wa makaa, damu yake hubaki nyekundu, ya kung'aa kama rangi ya kopo. Ya Mzee Achola ni nyeusi na nzito. Nimefungua kichwa, ubongo una rangi ya kijani. Mapafu yamejaa maji. Halafu kuna pete yake ya fedha na sarafu zilizokuwa mfukoni. Zote zimegeuka nyeusi."

"Masizi?"

"Masizi hutoka ukisugua. Haya hayatoki. Hiyo ni gesi ya salfa, ile ya mayai viza. Nimeona maiti ya namna hii mara mbili tu tangu nianze kazi. Sasa wewe tafuta ilitoka wapi."

Nerima aliiweka simu mezani. Konstebo Levis, aliyekuwa ameketi ng'ambo ya meza, alikuwa amesikia ya kutosha.

"Basi ni Olkaria, madam," alisema. "Kule mvuke unatoka ardhini usiku na mchana. Hata sisi tukipita mbuga ya Hell's Gate tunasikia hiyo harufu."

"Gesi itoke Olkaria, ivuke mlima, ipite mahema ishirini, iingie ndani ya gari moja, imuue mzee mmoja, iwaache bata-bukini wote wa kampi wakila nyasi?"

Levis alichukua kofia yake.

"Nenda kwa masijala," Nerima akamwambia. "Tafuta jina la Dalmas Achola katika faili zetu zote, kokote lilipo. Hata kama aliripoti kupoteza kitambulisho, nataka kujua. Ukipata kitu, unifuate kule kampi."

Hadi asubuhi hiyo kesi ilikuwa imeonekana nyepesi. Dalmas Achola, miaka sitini na mitatu, fundi wa umeme aliyestaafu, alikuwa akiishi ndani ya gari-nyumba lake, aina ya magari ambayo vijana wa Naivasha huyaita kemper. Kwa miezi minne aliliegesha katika kampi moja kando ya ziwa. Ijumaa alienda Nakuru kwa kliniki ya presha, akalala kwa dada yake siku mbili, akarudishwa Jumapili saa sita mchana na mwanawe, Quincy. Mvua ya manyunyu ilikuwa ikinyesha na baridi ya Julai imekaza. Saa nane Quincy aliondoka. Saa kumi na mbili jioni mlinzi alimkuta mzee amelala sakafuni, jiko la makaa karibu na miguu yake. Meneja wa kampi, mwanamke aitwaye Chepchumba, akaandikisha taarifa kwamba alimwona Quincy akiliingiza jiko hilo garini, na kwamba baba na mwana walikuwa wamegombana hadi sauti zikafika ofisini. Mahakama iliwapa polisi siku saba za kumshikilia kijana.

Nerima alimtoa seli akamkalisha kwenye benchi la korido. Quincy alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Nakuru. Siku tatu za seli zilikuwa zimemkunja kama karatasi.

"Mligombana kuhusu nini?"

"Nilishawaambia. Nilitaka arudi nyumbani. Ana presha, anaishi kwa gari peke yake. Akaniambia hajafa bado. Nikamwambia ndio maana naongea na yeye." Alifuta uso kwa kiganja. "Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, madam."

"Na jiko?"

"Sikubeba jiko lolote. Baba aingize jiko kwa hiyo gari? Siku moja alinifukuza kwa kuwasha dawa ya mbu. Alipika kwa gesi, dirisha wazi, na kengele ya gesi juu ya mlango."

"Mlipofika Jumapili, ulisikia harufu yoyote?"

Quincy aliinua kichwa polepole.

"Ndio. Kama mayai yameoza. Nikamuuliza baba. Akasema ni Olkaria, upepo umegeuka. Nikaacha mlango wazi wakati tunaongea, ikapungua. Nilipotoka akafunga sababu ya baridi, akasema anameza dawa alale kidogo." Akamgeukia Nerima. "Kwani ilikuwa nini?"

"Jumamosi, gari likiwa halina mtu, ulikuwa wapi?"

"Shuleni. Tulikuwa na mashindano ya mpira mpaka saa kumi na moja. Uliza mwalimu mkuu, uliza watoto mia tatu. Madam, nimekuuliza, ilikuwa nini?"

"Nitakuambia nikijua," Nerima alisema, akamwita askari amrudishe.

Kampi ilikuwa kwenye tambarare yenye migunga-manjano, ziwa likiwa limepanda likameza uzio wa chini. Gari-nyumba lilisimama mahali palepale, jeupe, refu, utepe wa polisi umelizunguka. Waya mnene ulitoka kwenye soketi ya nguzo ukaingia ubavuni mwa gari. Huo ndio uliolisha chaja stima ya kampi.

Nerima aliacha mlango na madirisha yote wazi kwa dakika ishirini kabla ya kuingia. Kisha akavaa glavu.

Ndani palikuwa padogo na safi kama chumba cha hospitali. Vikombe vilining'inia kwenye misumari. Kofuli ya shaba iliyolala kando ya sinki ilikuwa nyeusi tititi. Aliipapasa kwa kidole, haikuacha alama kwenye glavu. Juu ya mlango kulikuwa na kengele ya gesi. Aliifungua. Pahali pa kibetri kidogo palikuwa patupu.

Jiko lilikuwa limepelekwa kituoni, lakini picha alikuwa nazo. Alizitazama tena kwenye simu. Majivu yalijaa jiko hadi ukingoni, ilhali dari ya plastiki nyeupe juu yake haikuwa na doa. Zulia lililokuwa chini yake halikuungua hata uzi. Akavuta picha ya kitako. Kulikuwa na namba iliyopakwa kwa rangi ya kijani: 14. Akageuka akatazama nje. Kila pipa la taka, kila meza na kila bomba la kampi lilikuwa na namba ya rangi hiyohiyo.

Akainua godoro.

Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la mbao lenye betri mbili kubwa, zile za asidi, kila moja nzito kama mfuko wa saruji. Kando ya sanduku, kwenye rafu, alipata daftari la kurasa za mistari. Mwandiko ulikuwa mdogo, ulionyooka. Kila asubuhi mzee alikuwa ameandika tarehe na kipimo cha volti: 12.7. 12.6. 12.7. Siku betri iliposhuka hadi 12.3 alikuwa ameandika kando: *Taa nyingi jana. Usirudie.* Mara moja kwa mwezi kulikuwa na mistari mirefu zaidi: *Nimesafisha vichwa kwa bikaboneti na maji moto. Nimepaka grisi. Nimeongeza maji ya betri, seli zote kumi na mbili ziko sawa. Bomba la hewa liko wazi.* Mstari wa mwisho wa namna hiyo uliandikwa Alhamisi, siku moja kabla ya kwenda Nakuru.

Nerima alifungua kifuniko cha seli ya kwanza akamulika kwa tochi. Sahani za madini ya risasi zilikuwa kavu. Ya pili kavu. Ya tatu kavu. Ubavu wa betri ulikuwa umevimba kama tumbo la mtu aliyekula vibaya. Maji ya seli kumi na mbili hayaishi kwa siku tatu. Mtu alikuwa ameyatoa.

Alipiga magoti akafuata bomba la hewa. Lilikuwa limetoka kwenye kifuniko cha sanduku, likapita kwenye sakafu, likatokeza chini ya gari. Alitoka nje, akalala chali kwenye nyasi zenye umande. Mdomo wa bomba ulikuwa umezungushiwa tepu nyeusi ya mpira, ile inayojishika yenyewe bila gundi, mizunguko ikiwa imepangwa kwa usawa, mmoja umefunika nusu ya mwingine. Mtu wa mikono mizuri. Alipiga picha, akaikata tepu kwa wembe, akaitia kwenye bahasha.

Kilichobaki kilikuwa chaja. Ilikuwa imewekwa kwenye hali ya kawaida, kama inavyotakiwa. Lakini ilikuwa chaja ya kisasa yenye kioo kidogo na kumbukumbu ya siku thelathini. Nerima alibonyeza kurudi nyuma, siku baada ya siku, hadi alipofika mahali palipobadilika. Jumamosi, saa kumi na dakika tano jioni, imebadilishwa: kuchaji kwa nguvu ya juu. Hiyo ndiyo hali ambayo fundi huitumia kwa muda mfupi, betri zikiwa zimejaa maji na madirisha yakiwa wazi, kuziamsha seli zilizolala. Iliendelea kwa zaidi ya saa ishirini na sita, na betri kavu ikichajiwa hivyo hupata moto ikatoa gesi ya mayai viza. Jumapili, saa kumi na mbili na dakika kumi na nane, imerudishwa kawaida.

Nerima aliusoma mstari huo mara mbili. Jumapili saa kumi na mbili na dakika kumi na nane Quincy alikuwa Nakuru. Na Dalmas Achola alikuwa ameshakufa.

Mlinzi wa kampi, Kipngetich, alikuwa kibandani pale getini akichemsha maziwa. Alikuwa mtu mzima mwenye kikohozi, na alisimama mara moja alipomwona.

"Kaa tu, mzee. Niambie tena Jumapili. Ulimkuta saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kamili, madam. Redio ilikuwa inaanza habari. Niligonga nimpelekee maji, nikasukuma mlango. Harufu ilinirudisha nyuma. Nikaona mkono."

"Mkono?"

"Alikuwa ametambaa kutoka kitandani. Mkono ulikuwa umefika kwa mlango. Ilibaki hivi." Alionyesha kwa vidole, upana wa kitabu.

"Ukafanya nini?"

"Nikapiga kelele. Chepchumba akakuja mbio kutoka ofisini, amefunga mdomo na leso. Akaniambia kimbia barabarani, huku simu haishiki, piga kwa polisi. Nikakimbia."

"Ulipoingiza kichwa mara ya kwanza, uliona jiko?"

Kipngetich alifikiri. Maziwa yakapanda, akayatoa motoni bila kuyatazama.

"Niliona mkono. Sikuona jiko." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Nilipolirudia gari, madirisha yote yalikuwa wazi na jiko lilikuwa hapo. Nikajua mimi ndiye sikuona vizuri."

"Jumamosi saa kumi ulikuwa wapi?"

"Sikuwa. Nilikuwa Kihoto tangu asubuhi. Maji yaliingia kwa nyumba ya dada yangu, tulikuwa tunatoa vitanda. Chepchumba ndiye alinipa ruhusa. Hata sikuwa nimeomba, ni yeye alisema niende."

"Na ufunguo wa gari la mzee?"

"Mzee mwenyewe aliuacha ofisini. Stima ya huku inapotea ovyo, alitaka mtu awe anaiwasha chaja ikirudi. Alisema hakuna mwingine anaweza kumwachia betri zake. Chepchumba anazijua."

"Anazijua vipi?"

"Si ndiye fundi wetu wa sola?" Kipngetich alishangaa. "Hamkujua?"

Hawakujua. Katika taarifa yake Chepchumba alikuwa amejiita meneja, basi.

Levis alifika saa saba na nusu, amekumbatia faili ya kahawia iliyoliwa kona na panya. Walisimama nyuma ya gari la polisi wakaisoma pamoja.

Ilikuwa na umri wa miaka minane. Mfanyakazi wa shamba moja la maua, Kiplimo, miaka ishirini na miwili, mwenyeji wa Subukia, alikutwa amekufa ndani ya chumba cha betri kilichokuwa kikiendesha majokofu ya maua. Hakukuwa na postmotemu. Kulikuwa na ripoti ya ukurasa mmoja kutoka kwa msimamizi wa umeme: betri na chaja zote zilikuwa katika hali nzuri, marehemu aliingiza jiko la makaa kwa sababu ya baridi, kinyume cha sheria za kazi, akavuta moshi. Sahihi: D. Achola. Kwa sababu kosa lilikuwa la marehemu, familia ilikabidhiwa mwili na barua ya pole. Faili ikafungwa siku ya tatu.

"Jiko," Levis alisema.

"Geuza ukurasa."

Nyuma kulikuwa na jina la aliyeuchukua mwili. Dada wa marehemu. Chepchumba.

Levis alipiga mluzi mdogo. "Tumkamate sasa hivi?"

"Kwa nini? Dada kupoteza ndugu si hatia. Ufunguo ulikuwa ofisini, atasema ofisi haifungwi. Nipe dakika kumi na yeye. Wewe simama mlangoni, uandike kila neno."

Nyumba ya betri za kampi ilikuwa nyuma ya jikoni, chumba cha mawe chenye matundu ya hewa juu na chini. Chepchumba alikuwa ndani, amepiga magoti mbele ya safu ya betri, akiongeza maji kwa jagi lenye mdomo mwembamba. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye nywele fupi. Sweta yake ya buluu ilikuwa na vitundu vidogovidogo kwenye mkono wa kulia, kana kwamba ililiwa na nondo.

"Karibu, madam. Sikujua mnarudi."

"Endelea na kazi. Mimi sijui lolote kuhusu hivi vitu, na daktari amenipa kazi ya kuvielewa. Nieleze. Mtu mwenye gari kama la Mzee Achola azitunzeje betri zake?"

Chepchumba alimtazama kidogo, kisha akarudi kwenye seli. Alipoanza kueleza, sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu anayependa anachokijua.

"Kwanza usiziache zikae na njaa. Betri ikishuka chini ya nusu mara nyingi, inakufa mapema. Ukiegesha gari muda mrefu, tenganisha waya ama uache chaja ndogo ikilisha polepole. Pima kila siku ikiwa imepumzika. Vichwa visafishe, ukungu mweupe usikae."

"Na maji?"

"Maji ya betri peke yake. Ya huku yetu yana chumvi, yataua sahani. Yafunike sahani, lakini usijaze mpaka juu. Ongeza baada ya kuchaji, si kabla, kwa sababu yanapanda yakipata moto."

"Na hewa?"

"Lazima hewa. Betri ikichaji inapumua. Hata wewe mtu akikuziba pua..." Aliangalia jagi.

"Ikizibwa pua?"

"Gesi inajaa."

"Harufu yake ikoje?"

Tone moja la maji lilianguka nje ya seli. Chepchumba alilifuta kwa kitambaa, akafuta tena mahali palipokuwa tayari pakavu.

"Inategemea," alisema.

Nerima alinyoosha mkono kuelekea ukutani, kwenye viungo vya nyaya zilizoshuka kutoka paneli za sola. Kila kiungo kilikuwa kimefungwa kwa tepu nyeusi ya mpira, mizunguko ya usawa, mmoja umefunika nusu ya mwingine.

"Wewe ndiye umefunga hizi?"

"Ndio."

"Kazi safi. Ulisomea wapi?"

"Poly. Nakuru."

"Mwaka gani?"

Chepchumba alitaja mwaka. Nerima hakuhitaji kuhesabu.

"Uliingia poly miezi mitano baada ya kumzika Kiplimo."

Nje, bata-bukini mmoja alilia. Mwanamke aliliweka jagi chini, akafunga kifuniko cha seli, akahakikisha kimekaza. Kisha akaketi sakafuni, mgongo ukutani.

"Chepchumba, una haki ya kunyamaza. Utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Unaweza kungoja wakili."

"Wakili wa nini?" Alitazama mikono yake. "Nilikuwa mwalimu wa nasari. Sikujua hata kubadilisha balbu. Kiplimo alikuwa ananiambia kwa simu, chumba kinanuka mayai, betri zinachemka, nimemwambia msimamizi, anasema nifanye kazi. Halafu wakatuletea karatasi. Jiko. Kiplimo alikuwa na pumu, madam. Nyumbani alikuwa anatoka nje mama akiwasha moto. Nikaingia poly nijue ndugu yangu alikufa aje. Mwaka wa pili mwalimu akaandika ubaoni betri ikichemka hutoa gesi gani. Nikajua."

"Ukamtafuta Achola."

"Sikumtafuta." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Alikuja mwenyewe na gari lake, akaandika jina kwa kitabu changu. Hakunijua. Kwa nini anijue? Hakuja matanga. Nikasema Mungu amemleta aseme. Nikangoja. Miezi mitatu nikimpelekea chai, nikimsaidia kupima betri. Alikuwa mtu wa upole, hiyo ndiyo ilinichosha. Siku moja tuko hapo kando ya kitanda chake, tumefungua sanduku, ananionyesha bomba la hewa. Akaniambia, chunga sana hii, msichana wangu. Kule nilifanya kazi kijana mmoja alikufa kwa ujinga wake, aliingiza jiko."

Levis, mlangoni, aliacha kuandika.

"Hakuna mtu alikuwa anamuuliza," Chepchumba alisema. "Hakuna polisi, hakuna mdosi. Tulikuwa wawili tu. Angeweza hata kunyamaza. Lakini alitumia ndugu yangu kunifundisha."

"Ndiyo ukaweka jiko."

"Nilitaka waandike juu yake kile aliandika juu ya Kiplimo. Neno kwa neno."

"Na Quincy? Ulikuwa tayari afungwe maisha?"

"Sikumpangia Quincy. Jiko lilikuwa litoshe, ajali tu. Lakini yule afande mwingine aliuliza nani aliliingiza. Mdomo ukasema." Aliinamisha kichwa. "Mzee alifika wapi? Kipngetich alisema alitambaa."

"Ulimwona mwenyewe."

"Niliona. Nauliza kama aliamka akajua."

"Aliamka," Nerima alisema. "Alijua nini, hakuna wa kutuambia."

Alimsaidia kusimama, akamfunga pingu mbele, si nyuma. Walikuwa wameshatoka, wanapita kando ya gari-nyumba, Chepchumba aliposimama ghafla.

"Madam, faili ya Kiplimo. Mnayo?"

"Tunayo."

"Sasa mtaifungua. Si mmenisikia? Mama yangu yuko Subukia, kanisani bado wanamwita mama wa yule wa jiko. Mimi nifungeni. Lakini muandike hakuingiza jiko."

Levis alimtazama Nerima. Nerima alikuwa tayari ameshafikiria, tangu alipousoma ule ukurasa mmoja nyuma ya gari. Chumba kile cha betri kilibomolewa. Shamba lilibadilisha wenyewe. Mwili haukupasuliwa. Jiko ambalo halikuwapo haliwezi kuletwa kortini.

"Faili kama hiyo hufunguliwa kwa ushahidi," alisema. "Jaji atauliza nani alikuwepo siku hiyo. Nani aliziona betri, nani aliandika ripoti, nani anaweza kusimama aseme ilikuwa uongo."

"Ni huyo mzee."

"Peke yake?"

"Peke yake. Wengine walikuwa..."

Alikoma. Nerima aliona neno likimfikia. Chepchumba aligeuka akautazama mlango ule mweupe wenye utepe wa polisi, mdomo ukiwa wazi, kama mtu anayetaka kumwita aliyeko ndani atoke nje mara moja tu, kwa dakika moja, aseme neno moja kisha arudi.

Manyunyu yalianza tena. Levis alifungua mlango wa nyuma wa gari la polisi akangoja. Ilibidi wamshike mikono wote wawili ndipo atembee.